Ada ya chuo binafsi kwa hela ya dagaa: majibu yangu kwa binti wa Sengerema

Wiki iliyopita niliweka picha ya mdogo wangu akiwa kwenye joho, nikaandika chini yake kwamba deni la ada limeisha. Tangu hapo simu haijapumzika. Pongezi ni nyingi, nimezipokea zote na ninawashukuru. Ila kuna ujumbe mmoja umenikaa moyoni. Umetoka kwa binti wa Sengerema: "Shikamoo dada. Nimechaguliwa chuo binafsi hapo Mwanza. Mkopo umetoka, lakini kwenye ada wamenipa chini ya nusu. Baba anasema niahirishe mwaka tutafute hela kwanza. Naomba ushauri wako."

Nilimjibu usiku uleule, na jibu likawa refu. Nimeona niliweke hapa kwa kirefu zaidi, maana najua kila Oktoba kuna nyumba nyingi za huku ziwani zinakaa kikao cha aina hiyo.

Mdogo wangu, usikubali kuahirisha kabla hujayafanya haya nitakayokueleza. Nina rafiki niliyemaliza naye kidato cha sita. Darasani alinizidi Historia na Kiswahili. Aliahirisha mwaka mmoja ili kwao watafute ada. Leo ana watoto wawili na chuo hajakikanyaga. Wazazi wake hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Hela ya kutafutwa bila tarehe haipatikani. Kila ikifika, inakuta mgonjwa, msiba au paa linalovuja.

Sasa nikueleze nilikopita mimi.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi, na mama akavuka na sisi kuja Mwanza, akaanza kuuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Asiyeijua biashara ya dagaa hawezi kuelewa jinsi tulivyolipa ada, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukikua na kuangaza ziwa zima, taa haivuti kitu, wavuvi wanapandisha mitumbwi nchi kavu na kupumzika mpaka giza lirudi. Kwa hiyo nyumbani kwetu hela ilikuwa inakuja kwa giza. Siku ishirini hivi kuna mzigo, kuna wanunuzi wa Congo na Burundi wanapakia magunia, mama anarudi na kitu mkononi. Baada ya hapo siku kama kumi ni za kula ulichoweka. Na hilo ni la kiangazi. Masika ikianza Machi, dagaa wakilowa kwenye mchanga kabla hawajakauka wanageuka rangi, na mzigo wa kuliwa na watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Nimemwona mama akikusanya dagaa waliolowa, akiwageuza mmoja mmoja juu ya chandarua kana kwamba atawaokoa.

Ndiyo maana ninaposikia mtu anasema "mzazi ajipange" bila kusema ajipangeje, roho inaniuma. Mshahara una tarehe 25. Mama yangu alikuwa na mwezi wa angani.

Nilimaliza kidato cha sita, nikachaguliwa kusomea ualimu katika chuo kikuu binafsi. Mwaka huo ulikuwa 2017. Ada ilikuwa 1,260,000 kwa mwaka. Ukiongeza usajili, kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi, bima ya afya ya NHIF ambayo kwa mwanafunzi ilikuwa 50,400, na ile 20,000 ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ya udhibiti ubora, unajikuta umevuka milioni na nusu kabla hujanunua hata daftari. Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza ulipo: usiulize ada ni kiasi gani, omba mchanganuo wote wa malipo kwa maandishi, mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho. Kiasi cha ada utakikuta kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, na kwa vyuo vya kati kwenye ule wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo. Hayo "malipo mengine" ndiyo yanayowafukuza watu chuoni. Mwaka wa mwisho kuna utafiti, kuna mafunzo kwa vitendo, kuna joho. Waulize mapema, na wakikuambia kwa mdomo waombe wakuandikie.

Turudi kwenye mkopo. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi 2005, kwa hiyo utaratibu wake si mgeni tena, kila mtu ana kaka au jirani aliyepitia. Lakini nyumbani kwetu hakukuwa na wa kumuuliza. Nilichokuwa nacho ni mwalimu mmoja wa kidato cha sita, Mungu ambariki, ambaye mwezi wa pili kabla ya mtihani alituuliza wote waliofiwa na mzazi kama tuna cheti cha kifo. Mimi nilikuwa na kibali cha mazishi, karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imetoboka. Akasema hiyo haitoshi, Bodi inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo.

Tulivuka na mama kwenda Nansio. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mwingine, yule aliyemzika baba alishafariki naye. Mtendaji akataka mashahidi. Mashahidi wako kisiwa cha pili wanavua. Tukalala kwa shangazi, tukarudi asubuhi, tukasubiri kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Karani mmoja akaniangalia akaniuliza, "Una uhakika amekufa?" Sidhani alikusudia kuniumiza, ndivyo fomu yake inavyouliza. Lakini mimi nilikuwa mtoto niliyeshika udongo wa kaburi kwa mkono wangu. Kijiji kizima kinajua, na kwenye mfumo baba yangu alikuwa hai.

Tulikipata. Kimechukua muda, nauli, na siku kadhaa za mama za giza ambazo hazikurudi. Dirisha la maombi lilipofunguliwa mimi nilikuwa na kila karatasi mkononi, na wenzangu wenye historia kama yangu walikuwa ndiyo kwanza wanatafuta boti. Kwa hiyo nasema na nitarudia: anza na karatasi kabla ya matokeo. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo kama mzazi hayupo, uhakiki wa RITA, namba ya kaya kama nyumbani mko kwenye TASAF, ule mpango wa kusaidia kaya maskini, uthibitisho wa ufadhili kama shirika lilikusomesha sekondari. Angalia majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema "Neema" na cha kidato cha nne kinasema "Nema", tafuta wakili wa hati ya kiapo sasa hivi, usingoje mwezi wa nane foleni ikiwa mpaka barabarani. Weka pembeni ile 30,000 ya maombi. Saini ya mwenyekiti wa mtaa, mhuri wa kamishna wa viapo, picha ya mdhamini, vyote hivyo vikae kwenye bahasha moja.

Majina yalipotoka, langu lilikuwa awamu ya pili. Fedha ya chakula na malazi nilipata yote, enzi hizo 8,500 kwa siku, siku sitini unasaini boom ya 510,000. Siku hizi imepanda kuwa 10,000 tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kwenye ada nikapewa 500,000. Ingia kwenye SIPA, akaunti yako kwenye mtandao wa Bodi, uone kila kipengele, usiridhike na kuona jina tu na kuanza kushangilia. Iliyobaki ilikuwa 760,000 kwa mwaka, yaani 380,000 kila muhula, achilia mbali hayo mengine. Rufaa ilipofunguliwa niliomba, haikubadilisha kitu. Omba hata hivyo. Mwenzangu wa chumba aliambatisha uthibitisho wa ulemavu wa baba yake, akaongezewa.

Hapo ndipo mama aliposema twende tukaongee na chuo.

Nataka mlione dirisha lile. Ni dirisha dogo la kioo lenye tundu chini, foleni imejaa vijana na bahasha za kaki. Mama alikuwa ametoka Mwaloni moja kwa moja, kitenge kimoja kiunoni, kingine begani, na harufu ya dagaa ambayo maji ya kawaida hayaitoi. Waliokuwa mbele yetu walisogea. Niliona wakisogea. Mama alifungua daftari lake la hesabu, lile la kurasa arobaini na nane lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaanza kumweleza mhasibu giza linaanza lini na linaisha lini, na kwamba kila giza atatoa laki moja. Mhasibu hakuinua macho. Akasema, "Mama, hapa si Mwaloni. Hapa hatupatani bei."

Miaka imepita na bado naisikia sauti ile. Sijawahi kumtaja mtu yule wala chuo, na sitamtaja. Lakini nataka kila mhasibu wa chuo anayesoma hapa ajue kwamba mama yule hakuwa anapatana bei. Alikuwa amekuja kulipa senti zote, na alikuwa na hesabu safi kuliko wengi waliokuwa kwenye foleni ile. Giza moja siku ishirini, kila jioni anaweka 5,000 pembeni kabla hajanunua unga. Hiyo ni laki moja. Magiza manne ni laki nne. Muhula mmoja ni 380,000. Inatosha na chenji inabaki.

Tulitoka pale mama akiwa kimya. Mimi nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi, akanifundisha jambo ambalo limenisaidia mpaka leo: maombi ya kulipa kwa awamu hayafanywi dirishani, yanafanywa kwa barua. Niliandika ukurasa mmoja. Nikaweka kiasi ninachodaiwa, kiasi ambacho Bodi italipa, kiasi kilichobaki, na tarehe nne za kulipa. Tarehe zile nilizitoa kwenye daftari la mama, kila moja ikiangukia mwisho wa giza, wakati hela iko ndani. Nikaambatisha nakala ya mgawanyo wa mkopo na cheti cha kifo. Barua ikapigwa mhuri, ikarudi na saini. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyenisimamisha koridoni kuniuliza ada.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Sengerema, kabla baba hajakubali kuahirisha, kaeni naye mumuulize: hela ya nyumba hii inaingia lini? Kama ni pamba, inaingia msimu wa kuuza pamba. Kama ni samaki, mnajua. Kama ni mpunga, mnajua pia. Andika tarehe, peleka chuoni kwa barua. Vyuo vingi binafsi vinaishi kwa ada, vinataka mwanafunzi anayelipa taratibu kuliko kiti kitupu. Tarehe zako zikiwa za kweli watakusikiliza, na ukizishika mwaka wa kwanza, mwaka wa pili hutaomba tena.

Na wazazi wa huku ziwani, kiangazi cha Juni mpaka Septemba ndicho kipindi cha kukausha na kuuza vizuri. Mtoto anamaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi wa tano. Msingoje majina ya mkopo. Anzeni kuweka Juni, mkijua kwamba muhula wa pili unaangukia masika na masika haina huruma. Mama aliliona hilo mwaka wa kwanza tu, na mwaka uliofuata muhula wa pili ulilipwa kwa hela ya Agosti.

Sasa niseme kuhusu kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, na hapa sitapunguza maneno. Jirani yetu wa Kitangiri alikopa ili mwanawe asajiliwe. Alikopa laki tatu, marejesho kila wiki. Mwezi ulipoangaza na dagaa wakakosekana, marejesho hayakungoja giza. Walikuja wakabeba godoro, jiko la gesi, na ndoo zake za kazi. Ndoo! Mtu unamdai halafu unachukua chombo chake cha kutafutia hela ya kukulipa. Yule kijana alirudi nyumbani katikati ya muhula. Mzazi mwenzangu, usiingize ada kwenye mkopo wa marejesho ya kila wiki, kwa sababu ada hairudishi faida wiki ijayo, inarudisha baada ya miaka. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, asilimia nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, kopeni kwa kikundi muongezee mtaji wa dagaa, halafu faida ndiyo ilipe ada. Mtaji wenyewe msiuguse.

Ndugu je? Ndugu wapo. Mimi niliwaambia wajomba "nisaidieni ada", wote wakakohoa. Wajomba hao hao nimewaona wakichangia harusi bila kuulizwa mara mbili. Nilivimba, lakini mama akaniambia niwapelekee mchanganuo. Nikaenda na karatasi. Mjomba mkubwa nikamwonyesha mstari wa bima, 50,400. Akausoma, akauliza kama ni wa mwaka mzima, akatoa hela palepale na kusema bima ya mtoto huyu ni yangu mpaka amalize. Na kweli alilipa mpaka nikamaliza. Shangazi wa Nansio akachukua mafunzo kwa vitendo. Mtu anaogopa kutupiwa milioni asiyoiona mwisho wake. Mpe mstari mmoja wenye namba, atabeba. Na parokiani, msikitini, kwa mheshimiwa diwani, nenda hivyo hivyo na mstari mmoja na karatasi yenye mhuri.

Boom ni ya kula na kulala. Najua mtaniambia mmelipia ada kwa boom. Wengine hawana njia, siwalaumu. Lakini nimewaona waliomaliza boom kwenye ada halafu wakasoma kwa njaa, wakaanza kuokotwa na watu wenye magari. Binti, nakusihi. Panga chumba na wenzako wawili, pikeni wenyewe, leta dagaa wa nyumbani, lakini fedha ya kula iache iwe ya chakula.

Risiti ziweke. Muhula wa tatu, siku ya mtihani wa kwanza, msimamizi alisoma majina ya wadaiwa na langu likiwamo. Nilikuwa nimelipa awamu yangu benki siku nyingi nyuma, ila haikuwa imeingizwa kwenye mfumo. Nilitolewa mbele ya darasa zima. Risiti ilikuwa ndani ya mkoba pamoja na ile barua yenye mhuri, nikakimbia nazo ofisi ya uhasibu, nikarudi wenzangu wakiwa wamefika swali la pili. Nilifaulu mtihani ule. Bila ile bahasha ningekuwa nimeurudia mwaka uliofuata, kwa hela. Piga picha kila risiti, nakala kwenye simu, nakala kwa mzazi, halisi kwenye bahasha. Na wakati wa kusaini mkopo ukifika, saini na ya ada pia, kwa sababu usiposaini hela haikai chuoni ikikungoja.

Mdogo wangu nilimsomesha kwa utaratibu uleule, chuo cha kati, barua ileile nikibadilisha majina na tarehe, daftari lilelile la mama. Sasa mnielewe kwa nini ile picha ya joho niliiweka kwa majigambo. Ninajivunia, ndiyo. Mwanamke wa Mwaloni amesomesha watoto wawili bila kuuza ndoo. Na kwa wanaosomea stashahada sasa hivi, mna nafasi ambayo sisi hatukuwa nayo: tangu 2023/24 Bodi inakopesha na stashahada za fani za kipaumbele. Waliofaulu sana sayansi kidato cha sita waulizie Samia Scholarship, ile hairudishwi.

Ninyi mliomaliza mkaajiriwa, nina neno kwenu pia, msikasirike. Mimi nafundisha Ilemela, na kila mwezi nakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kurejesha mkopo wa Bodi. Inauma, sitadanganya. Lakini ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilifutwa 2021, Rais Samia aliitangaza hapa hapa Mwanza siku ya Mei Mosi, uwanja wa CCM Kirumba, hatua chache kutoka meza ya mama. Deni sasa linapungua kweli ukilipa. Kwa hiyo anayebadilisha namba ya simu ili asipatikane, aache. Hela ile inayofichwa ndiyo awamu ya tatu ya mtoto wa Ukerewe ambaye anangoja jina lake saa hizi. Umepewa miezi 24 baada ya kuhitimu ya kujipanga, ikipita nenda ofisi ya kanda hapa mjini, chukua kontroo namba yako, na kama huna ajira lipa kidogo kidogo kwa simu.